Eustace Bujiku na Daftari la Vifutu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mzee Eustace Bujiku wa Samuye, aliyetutoka Jumanne. Eustace Bujiku, karani wa zahanati. Yule aliyekwambia nyoka alipo kabla hujamwona.

Hakuwa mganga, jamani. Alikuwa na daftari. Tangu mwaka 1966, kila aliyeletwa ameumwa na kifutu, yule nyoka mnene mwenye sumu kali, Eustace alimuuliza: wapi? Palikuwa na kichuguu? Mawe? Panya? Akajumlisha, akagawanya. Kisha husimama mahali na kusema, "Hapa, ukija mara kumi, mara saba utamkuta." Na kweli unamkuta!

Mwaka 1974 kaya sitini zilitakiwa kuhamia kijiji kipya kabla ya mvua. Viongozi wakamuuliza mahali salama. Eustace akafungua daftari, akaonyesha pori la magharibi. Miaka minane, hakuna aliyeumwa kule. Hakuna hata mmoja!

Mkewe, Mbuke, alikuwa anapepeta mtama. Akacheka. "Baba Paskazia, kwani nani amewahi kupita huko?"

Loo! Binti yao Paskazia anakumbuka: "Baba alinuna siku mbili. Ugali hakugusa. Siku ya tatu akavaa mabuti, akaenda."

Maana daftari lilihesabu watu walikopita, si vifutu walikokaa. Akaingia pori lile asubuhi thelathini, akiandika hata zile alizotoka bila kuona kitu. Vichuguu vingi, panya tele. Vifutu kumi na tisa! Akarudi, akasema mbele ya kijiji kizima: "Nilikosea." Karani, mtu wa kalamu, anasema hivyo hadharani! Nyumba zikajengwa upande wa barabara, ambako watu hupita kila siku na walioumwa ni wachache. Mvua ile hakuumwa hata mtoto mmoja.

Daftari tumeliona, wapendwa. Limechakaa, linanukia moshi wa jikoni. Kuna ramani, na penye weupe ameandika "Sijafika." Raha iliyoje kumkumbuka mtu wa namna hii!

Mama Mbuke, Paskazia na ukoo wote, poleni sana. Nasi tujiulize: pale tunapoapa hapana hatari, tumefika?

Jana tulimkuta Mama Mbuke ameketi na daftari mapajani. Tukamuuliza atamkumbuka kwa lipi. Akasema: "Safari hii nani amepita huko? Ni yeye. Na hatarudi kuniambia."