Benchi Halikufutwa

Asubuhi hiyo wazee wa kijiwe walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, kama watu waliofukuzwa kwao. Benchi lao la kijani lilikuwa palepale kwenye kona, kando ya kibanda cha Pancha, fundi baiskeli. Lakini lilikuwa limelowa umande, vumbi limekuwa tope, na ndege nao wameacha yao katikati kabisa, pale anapokaa Jaji. Haijawahi kutokea! Pancha aliwamiminia kahawa kama kila siku, lakini hakuwa hata na nguvu za kushangaa. Alikuwa ametoka nyumbani bila chai, na bila amani.

— Mmekosana na shemeji? akauliza Redio, kinyozi, ambaye habari za nyumba ya mtu humfikia kabla ya mwenye nyumba.

— Amegoma! Kaniamsha alfajiri, eti tangu tuoane sijamwambia asante. Eti naona kila kitu kinajifanya chenyewe. Akaniambia, haya, taja ninayokufanyia. Nikataja: chai, nguo, watoto. Akasema bado kimoja, na mpaka nikijue tusisemeshane. Halafu akanitupia hili tambara, akaondoka zake kazini.

Akachomoa mfukoni kitambaa cha njano kilichochakaa, akakirudisha kwa hasira.

— Usithubutu kumshukuru, akasema Jaji, aliyewahi kuwa mlinzi wa lango la mahakama na tangu hapo hukumu hazimwishi. Haraka haraka haina baraka. Mke anashukuriwa siku ya msiba wake, mbele ya watu.

— Siku hiyo atasikia? akauliza Pancha.

— Watasikia ndugu zake. Inatosha.

— Mimi nakwambia asante ni kama wembe, akadakia Redio. Ukiutumia kila siku unakuwa butu. Na mwanzo wa ngoma ni lele! Leo umshukuru mkeo, kesho kitanda kitataka asante, keshokutwa mlango. Utatoka nyumbani saa ngapi wewe, kila bawaba inakungoja?

— Jamani, mimi nina njaa, akasema Pancha. Nisaidieni, hicho kimoja ni kipi?

— Hakuna kimoja! akasema Redio. Ni mtego. Ukitaja kimoja, vitazaa.

Pancha akaguna. Kila siku alikuja hapa kutuliza kichwa, leo hawa nao wanakichemsha.

— Na hili benchi, akafoka Jaji, ni aibu. Watu wazima tunasimama kama nguzo! Mtu atawajibishwa.

— Nani? akauliza Redio.

— Aliyelichafua.

— Umande, Jaji. Utaushtaki umande?

— Mvumilivu hula mbivu. Nitaushtaki.

Ndipo akaja dada mmoja akisukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limekwisha upepo. Akasalimia, akawatazama waliosimama, akalitazama benchi.

— Samahanini kaka zangu, kwani siku zote huwa linafutwa na nani?

Redio akamtazama Jaji. Jaji akatazama ndani ya kikombe.

— Mimi hulikuta kavu, akasema Redio.

— Hata mimi, akasema Jaji. Ni benchi kavu kwa asili yake.

Pancha alikuwa amekwisha kutoa kitambaa. Akakikunjua vizuri, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kilikuwa na michirizi ya kijani, rangi ileile ya benchi. Mkewe hupita kona hii alfajiri akienda kazini kwenye jiko la hospitali, kabla yeye hajaamka. Miaka yote! Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akainama, akafuta. Akaanza na tope, akaja kwenye ya ndege, akakamua, akarudia mpaka mbao zikang'aa. Alipoinuka kiuno kikilia, Jaji alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, na Redio amenyoosha miguu.

— Hapo pembeni umeruka, akasema Redio.

Pancha akasubiri. Akawatazama mmoja mmoja, kitambaa kikimchuruzika mkononi. Wao walikuwa wamerudi kwenye kesi ya umande.

— Dada, nisubiri kidogo, akamwambia mteja. Nakwenda hapo hospitali, nina neno moja la kusema. Nikirudi naziba.

Alikuwa ameshavuka barabara Jaji alipoinua kikombe kitupu.

— We Pancha! Unakwenda wapi? Na kahawa atatumiminia nani?