Uongo Mbele ya Nchi Tatu

Abigael, rudisha mlango ukae, usilie. Mogaka, vua hiyo kofia. Na wewe Obwocha, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wako unasomeka, andika kila neno linavyonitoka mdomoni, hata lile litakalokuchoma. Daktari wa Kisii amewaambia ninyi, hakuniambia mimi, lakini mtu aliyelala na maumivu haya tangu Krismasi hahitaji kuambiwa. Nimebakiwa na jambo moja tu duniani, nalo ni mjomba wenu Nyangau. Nataka aanguke. Nataka aanguke watu wakitazama, na ninyi watoto wa dada yake ndio mtakaomsukuma.

Mnatazamana. Ni kweli, Nyangau ni ndugu yangu wa tumbo moja, ndiye aliyetuezekea nyumba hii mabati, ndiye aliyempa Mogaka lori aendeshe, na kila Sabato anakaa kiti cha mbele na wazee wa kanisa. Basi sikilizeni hivyo vyote alivipata wapi.

Baba yenu Mogire alikuwa mtu wa samaki, katika ile kazi ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na ninyi mlikuwa wadogo, mwingine bweni, hamkujua alifanya nini hasa. Kazi yake ilikuwa samaki yule aitwaye ningu. Masika yakianza, ningu huliacha ziwa akiwa na tumbo la mayai, akaupanda mto wetu wa Gucha kuja kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Baba yenu alikaa kule chini mto unapoingia ziwani, akiwafunga samaki vibati vidogo vyenye namba na kuwaachilia, na mwenzake Magesa akifanya vivyo hivyo upande wa Musoma, na kibati cha Magesa kikaonekana huku, cha baba yenu kikaonekana kule, ndipo wakubwa wakakubali kwamba samaki huyu ni mmoja, mpaka wa nchi haujui, na mmoja akimmaliza amewamalizia wote. Wakapatana, mwaka wa sitini na nane: miezi mitatu ya masika hakuna wavu kwenye mdomo wa mto wowote, si kwetu wala kwao. Baba yenu aliyashika mapatano yale kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa na meza soko la Suneka. Sisi Wasabato hatuli kambare, hana magamba, kwa hiyo ningu ndiye aliyekuwa samaki wetu, na mteja alibonyeza tumbo kwanza. Asiye na mayai alirudishwa. Wenye mayai walikuwa wale wa masika, wale waliokatazwa. Nyangau aliniletea kichinichini, nami nikauza. Siku moja baba yenu akaja sokoni na askari wawili, akasimama mbele ya meza yangu, mimi mke wake, akasema, "Mama Obwocha, fungua kikapu," kisha akawamwaga samaki wote mchangani, wanawake wa Suneka wakishika midomo kwa kicheko. Siku tatu sikumpikia. Nilitaka na yeye avuliwe nguo mbele za watu kama alivyonivua.

Nyangau akanusa hasira yangu. Akaja hapa akaniambia, "Dada, nipe vile vibati vyake vipya, kiganja kimoja tu, tumtie adabu." Nikampa. Nilivitoa sandukuni kwa mkono huu mnaouona. Obwocha, mbona kalamu imesimama? Andika.

Wajumbe wa nchi tatu walikutana Kisumu. Nyangau akaingia na uchungu wa mfanyabiashara aliyeonewa, akamwaga mezani ningu wakavu, kila mmoja na kibati cha Gucha, akasema amewanunua sokoni Musoma katikati ya masika, kwamba Watanzania wanakula samaki wetu huku sisi tumefungwa mikono. Magesa akakataa. Akasema Mogire afungue daftari, aeleze namba zile aliwafunga samaki gani na siku gani. Baba yenu akafungua. Namba hazikuwamo, maana vibati vile havikuwahi kugusa maji, vilitoka sandukuni nyumbani kwake, na ufunguo wa lile sanduku alikuwa nao yeye na mimi, basi. Angesema hivyo, mapatano yangepona na mimi ningeshtakiwa. Akafunga daftari, akasema namba zimo.

Alifika nyumbani hata viatu hakuvua. Akaniambia, "Leo nimesema uongo mbele ya nchi tatu." Hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine, mpaka tukamzika, miaka miwili baadaye, na Magesa akiwa ameshamwandikia barua moja tu ya kumwita msaliti. Mapatano yakavunjika, kila nchi ikafungulia nyavu zake. Nyangau akatandaza za kwake, zenye matundu madogo, kutoka ukingo mpaka ukingo, akanunua lori kwa mayai ya ningu, na leo nendeni Gucha masika hii mkamtafute huyo ningu. Nami nimemchekea miaka yote hii, nimekunywa sukari yake, kwa sababu alinishika pabaya: nikimtaja, ananitaja. Sasa ninakufa. Atanitisha na nini?

Mwezi ujao nchi tatu zinakutana tena kuona kama mito inaweza kufungwa kabla mbegu haijaisha kabisa, na aliyechaguliwa kuwasemea wauza samaki ni Nyangau, na hadithi yake ileile ya Musoma. Obwocha, utanakili maneno haya mara mbili. Nakala moja Abigael aipeleke Mwanza, anakokaa Magesa siku hizi, mkononi mwake, siitaki posta. Nyingine uisome kwenye mazishi yangu, baada ya Nyangau kuzungumza, si kabla. Mpeni kiti cha mbele, mwacheni anisifu, alie, apanguse macho. Na nikichelewa kufa mpaka kikao kifike, msiningoje.

Mabati yake yang'oeni mkamtupie mlangoni, nyumba irudi nyasi. Mogaka, utarudisha ufunguo wa lori siku hiyohiyo. Najua una watoto, kwa hiyo majani yangu ya chai, mteremko wote wa chini, ni yako, na Obwocha mwenye mshahara asikuonee kijicho. Ng'ombe mweusi ni wa Abigael. Nyangau asitie udongo kaburini mwangu, hata chembe.

Hapana, Abigael, usiniambie tuseme alinidanganya. Hakunidanganya. Mkiliondoa jina langu humo atauliza ni nani alimpa vibati, na mtakosa jibu, maana shahidi ni mimi peke yangu. Siwezi kumwangusha bila kuanguka naye, nami nimekubali. Wanawake wa Suneka wacheke tena.

Maji. Kidogo tu... inatosha. Mungu aliyemvumilia baba yenu awavumilie na ninyi. Awape nyumba zisizo na siri. Wajukuu wangu... wamwone ningu akipanda mto. Msigombane. Obwocha, nisomee pale niliposema nikampa. Kwa sauti, baba... Ndiyo. Lete wino nitie dole. Nishike kidole, hakiinuki. Si hapo chini, panda juu kidogo... hapo. Kando ya jina la Nyangau.