Bia Nyeusi Aliyomwekea Mama: Maisha ya Mzee Gaspari Maneno Banzi

Baba Padri, ndugu, majirani na wote mliopanda hadi hapa Matombo kwa barabara hii mbovu, mimi ni Catherine, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu. Nitayasoma yalivyokuwa, hata pale mtakapoanza kutazamana.

Marehemu Gaspari Maneno Banzi alizaliwa hapa Matombo tarehe 6 Januari 1952, Sikukuu ya Epifania, ndiyo maana alipewa jina la mmoja wa Mamajusi. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Maneno Banzi na Mama Rose, wote wameshatangulia mbele ya haki.

Alianza masomo katika shule ya misheni hapa Matombo mwaka 1960, kisha akaendelea na sekondari Morogoro mjini hadi mwaka 1970. Waliosoma naye hawajaisahau pipi yake. Krismasi moja padri aligawa pipi, watoto wote wakazimaliza hapo hapo kanisani. Gaspari aliifunga ya kwake kwenye jani la mgomba akaificha hadi Pasaka, ale peke yake wenzake wakimeza mate. Pasaka ilipofika akafungua jani, akakuta sisimizi. Hakulia. Alisema mwakani ataificha vizuri zaidi.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha bia jijini Dar es Salaam, akapanda hatua kwa hatua mpaka akawa mpishi mkuu wa bia. Alikuwa mtu wa kunusa. Akiingiza pua kwenye gunia la kimea alijua kama lilinyeshewa njiani. Alistaafu kwa heshima mwaka 2012, akarudi Morogoro na kujenga Bigwa, chini kabisa ya mlima.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Yuliana, binti wa Mikese, aliyekuwa akiwauzia machungwa abiria wa barabara kuu. Walijaliwa watoto watatu. Mama hakuwa mtu wa kuweka vitu. Kitenge kipya alikivaa siku ileile, na kuku akinenepa alijua saa yake imefika. Walipendana sana hawa watu wawili, na walibishana kila siku ya Mungu.

Mwaka 2016 Baba alinunua pipa la mbao ngumu lililokuwa likihifadhi mvinyo huko Dodoma. Akapika bia nyeusi nzito, ile wenye fani wanaiita stauti, akailaza ndani ya pipa hilo mwaka mzima. Juni 2017 aliijaza kwenye chupa, akazipanga humo humo ndani ya pipa, akafunika, akaliweka stoo.

Mama akamwambia, "Baba Cathe, tuinywe sasa hivi ingali mbichi. Nataka niusikie huo uchungu wa kahawa unaonisimulia."

Baba akasafisha koo, kama alivyofanya kila alipotaka kukataa jambo. "Bado, Mama Cathe. Ikikaa inakuwa laini, inaleta utamu wa tende. Vumilia."

"Unamwekea nani sasa? Humu ndani wanaozeeka ni sisi."

Kuanzia hapo, kila asubuhi Mama alipokwenda stoo kuchukua unga, aligonga pipa kwa pete yake ya ndoa, mara mbili, na chupa zikalia ndani. "Hodi. Tayari?" Na Baba, popote alipokuwa, alisafisha koo: "Bado." Sisi tulicheka. Ulikuwa mchezo wao.

Mama alifariki tarehe 9 Novemba 2019 kwa shinikizo la damu, ghafla, bila kuonja hata tone.

Yaliyofuata nawaeleza kama tulivyoyaona. Mwezi haujaisha, chupa zilianza kulia zenyewe, asubuhi, saa ileile ya unga. Mara mbili, halafu kimya. Nilimwambia Baba ni panya. Lakini jirani yetu Bi Mwanahawa, ambaye yupo hapa, swala tano na maishani mwake hajagusa pombe, alikuja siku moja kuazima kinu. Alitoka stoo bila kinu, akaniuliza, "Mama Yuliana si tulimzika?" Pete ya Mama tulimzika nayo. Siku nyingine tulikuta chupa moja imesimama juu ya mfuniko, ya baridi, inatoka jasho, kwenye nyumba ambayo friji lake lilikuwa bovu. Baba aliirudisha ndani, akafunika.

Tulimsihi azifungue. Hapo ndipo alipotuambia kinachomla. Bia ya namna hiyo ikipitiliza inakufa, inabaki na ladha ya boksi lililolowa. "Nikifungua nikakuta imekufa," alisema, "nitakuwa nimemsubirisha mama yenu bure. Nitamwambia nini?" Kwa hiyo aliendelea kusubiri, na kila asubuhi aliitwa. Nilimwonea huruma baba yangu kuliko ninavyoweza kusoma hapa.

Mwaka 2023 madaktari waligundua kuwa moyo wake umetanuka. Alitibiwa Morogoro na Dar es Salaam, na tunawashukuru wote waliomhudumia. Mei mwaka huu alipokea Mpako wa Wagonjwa, akaomba arudishwe nyumbani.

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka dirishani. Baba aliniambia, "Lete chupa moja na glasi mbili." Nilimwekea nusu glasi, na nusu nyingine nikaiweka mezani, mbele ya kiti cha Mama. Akanusa, akaonja kidogo, akafumba macho. Haikuwa imekufa. Kisha akakigeukia kile kiti, akauliza, "Vipi?" Akatega sikio. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu 2019.

"Anasema ni tamu," akaniambia. "Lakini anasema mbichi ingekuwa tamu zaidi."

Kabla ya saa kumi alikuwa ameondoka. Nilipokusanya vyombo, glasi ya mbele ya kiti cha Mama ilikuwa tupu, povu bado linateremka ndani yake. Chumbani tulikuwa wawili tu, na mimi sikuigusa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Catherine, Rahel na Erick, wajukuu sita, dada mmoja, na chupa zote zilizobaki. Tumekuja nazo. Tukishamlaza pembeni ya Mama zitafunguliwa, na hakuna atakayeruhusiwa kubeba ya kwenda kuweka. Wasiotumia, soda zipo. Baba Padri atajiamulia mwenyewe.

Leo asubuhi, kabla hatujapakia, niliweka mkono kwenye mfuniko wa lile pipa. Nyuma yangu, stoo ikiwa haina mtu, nikasikia koo likisafishwa. Nilisimama pale nikisubiri lile "bado".

Halikuja. Nikafungua.

Pumzika kwa amani, Baba, na umsalimie Mama.