Mwiko wa Siku Arobaini

SHUFAA: Haloo? Haloo! Nani huyo kwenye waya?

MWAJA: Mimi Mwaja, niko Bugene kwa karani wa Mdachi. Hujambo, shoga?

SHUFAA: Sijambo! Mbona unakwaruza hivyo?

MWAJA: Karani anasema kuna tembo anajikuna kwenye nguzo. Othman wangu hajambo huko Bweranyange?

SHUFAA: Mumeo? Yupo... yupo dukani kwa Saleh. Mgongo je?

MWAJA: Alhamdulillahi! Miaka saba nilikuwa siinami hata kuokota kijiko. Nilikunywa vidonge vya daktari wa Mdachi, wapi! Mwalimu akaniandikia kombe, nikanywa aya zilizooshwa sahanini, wapi! Ulipokuja wewe na pembe zako ukaniumika damu chafu, ukanikanda kwa samli, ukasema vidonge nisiache na kombe nisiache, maumivu yamehama. Jana nimebeba mkungu mzima kichwani –

SHUFAA: Tua mkungu! Mwiko bado! Siku arobaini usilale na mume, la sivyo mgongo –

MWAJA: Si ndiyo maana nikamtuma huko? Zimebaki tisa tu. Anakula lakini?

SHUFAA: Matoke anayafagia! Usiku tu ndiyo anasaga meno.

[Waya unavuma.]

MWAJA: Anasaga meno.

SHUFAA: Aa... watu wanasema.

MWAJA: Watu gani, Shufaa? Miaka kumi na miwili anayeyasikia meno hayo ni mimi peke yangu.

SHUFAA: Waya huu mbovu, sikusikii, nita –

MWAJA: Mke wa jirani yangu Zubeiri ulimuumika kiuno. Mbona yeye hukumpa mwiko?



SHUFAA: Zubeiri mzee.

MWAJA: Loo! [Anapumua.] Na mimi nalala peke yangu, nahesabu siku kama mtoto anayengoja Idi. Kila nikiswali nakutaja wewe kabla ya mama yangu.

SHUFAA: Shoga, nisikilize –

MWAJA: Shoga yako nani? Mikono ile ile uliyonikandia!

SHUFAA: Usije huku, Mwaja! Mwendo wa siku nzima ule, na vilima vile, mgongo utarudi –

MWAJA: Haurudi. Kazi yako unaijua, Bibi Shufaa, hilo sikunyimi. Kibwebwe nimeshafunga. Karani, shika chombo chako.

SHUFAA: Mwaja? Haloo? Haloo!... Othman! Acha hiyo kahawa, Othman! Mkeo anatembea!