Gasketi ya Boksi la Biskuti

Sogeeni, wanangu. Hussen, weka hiyo simu chini, nawe Fauzia nipe mkono, ukae hapa hapa ubavuni kwangu. Mama yenu Mwanahija abaki mlangoni, wageni wasiingie mpaka nimalize, maana pumzi yenyewe sasa naivuta kwa kuomba.

Nyumba hii ya Mtanda na mikorosho ya Mchinga sivisemi. Mirathi yenu Mungu ameshaigawa, mimi ni nani niongeze au nipunguze? Ninachousia ni ile Pijo pikapu iliyoko chini ya makuti. Nimemuuliza shehe, kaniambia iko ndani ya theluthi, naweza kumpa mtu asiye mrithi wangu, hata asiye Mwislamu. Basi apewe Gregori. Ndiyo, Gregori yule yule, fundi aliyeko Somanga. Usinikodolee macho, Hussen. Najua umeshamwahidi yule bwana wa Dar es Salaam anayetafuta magari ya zamani ya kubebea maharusi. Mwambie baba kakataa.

Sasa sikilizeni kwa nini. Fauzia, wewe hasa.

Mimi na Gregori tulikuwa na gereji moja miaka kumi na minne, yeye Mmatumbi wa Kipatimu, Mkatoliki, mimi Mmachinga wa hapa Lindi, na hatukuwahi kugombana hata kwa spana. Tulitofautiana jambo moja tu. Mimi kabureta nilikuwa naisikiliza kwa sikio, nikijisifu kwamba Lindi nzima hakuna sikio kama langu. Yeye alikuwa na geji ya kupimia mvuto wa hewa. Injini ikishapata moto anachomeka mpira wake chini ya kabureta, anazungusha skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo mpaka mshale utulie, ndipo anashusha sailensi, ule mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, na gari likisimama linanguruma chini chini, raha tupu. Nilimcheka, jamani! Nikamwita daktari wa Wazungu.

Wiki ile ulipokuwa Mchinga kwa mama yako, Fauzia, ukingoja kujifungua, aliipima Pijo yangu, mshale ukawa unatetemeka. Akaniambia, "Rafiki yangu, kuna mahali inavuta hewa. Ni gasketi ya chini ya kabureta hiyo, ibadilishe." Gasketi ile nilikuwa nimeikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye boksi la biskuti, kwa uvivu wa kungoja ya dukani. Nikaona haya kumwambia. Nikachukua bisibisi, nikapandisha sailensi mpaka injini ikaacha kutikisika, nikamwambia, "Unaona? Imepona." Akasema, "Hapo umeficha tu," akaenda zake kunawa mikono.

Siku ya tatu uchungu ukakushika mchana, nikaja Mchinga na Pijo, nikakulaza nyuma kwenye godoro, mama yako kakushika kichwa. Tunakaribia mjini, nikapunguza mwendo kupisha ng'ombe, injini ikazima. Nikapiga stata mpaka betri ikalala. Nikafungua boneti: boksi la biskuti limeraruka, kipande kimevutwa ndani. Nikakitoa, nikakitia mfukoni, mama yako asikione. Tulikaa juani karibu saa mbili, unaniita baba, baba, mpaka likatokea lori la chumvi. Mjukuu wangu Imani akazaliwa hospitali, hakulia.

Tukiwa matangani, Gregori akaja na sukari yake kilo mbili. Nikasimama mbele ya watu nikasema, huyu ndiye aliyegusa kabureta mara ya mwisho, huyu ndiye aliyeacha nati zimelegea. Akanitazama. Alijua, na alijua kwamba najua. Akaiweka sukari jamvini, akaondoka. Tangu hapo nani tena alimpelekea gari? Leo anaziba pancha za bodaboda, fundi yule! Nawe Fauzia, miaka kumi na tisa humpi salamu, ukimwona stendi unatema mate, nami nakuona nanyamaza.

Si yeye, mwanangu. Ni mimi. Kila siku nimejuta, na kila siku nikasema nitamwendea kesho. Juzi nimempigia simu, akaitika, nikakata.

Mbona umeuachia mkono wangu? Fauzia? Mwache atoke, Mwanahija, mpishe. Usimzuie, ana haki.

Hussen, baki. Siku ya kunizika, wakiuliza nani anamdai marehemu, usingoje mtu. Simama useme kwa sauti: baba yangu alimsingizia Gregori, gasketi mbovu aliikata yeye. Usipambepambe, usiseme eti walikosana. Wakinisema, waache waniseme. Niapie. Sikusikii... sema tena. Haya. Pijo umpelekee mwenyewe, na kabureta usiiguse.

Mungu akupe moyo wa kusema kweli mapema, mwanangu, usingoje kama mimi. Akulindie wanao, akufungulie riziki, akuhifadhie mama yenu. Inua mto kidogo... hapo. Huyo anayelia uani ni Fauzia? Mwambie radhi zangu anazo, zote, tangu azaliwe. Mimi ndiye ninayeomba zake. Usimvute, Hussen, usimbembeleze... muulize tu, halafu urudi uniambie alivyosema. Hata akikataa, njoo uniambie. Nenda... nenda upesi.