Mkwe Wangu, Mama wa Sufuria Mbili

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, watoto wa shule, na nyinyi mlioegemea ukuta kule nyuma, sogeeni karibu, viti vipo huku mbele, wenye simu tunaomba mzizime, na wenye watoto wachanga msione haya wakilia, kilio chao hakimzuii mtu kusikia. Mimi ni mama mkwe wa marehemu, shule sikuiona hata ya kupita mlangoni, kwa hiyo haya nimeyasema kwa mdomo na mjukuu wangu mkubwa, binti wa marehemu, ameyaandika kama nilivyoyatoa, naye ndiye anayewasomea, na akifika mahali sauti ikamkatika mumsubiri, msimwambie aruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee aliyekuwa mlinzi wa stesheni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na reli, ambako, alivyozoea kunihadithia, treni ikipita vikombe vyote vilihama mezani na mama yake akavirudisha bila kukatiza mazungumzo. Alianza darasa la kwanza Januari 1985 akamaliza la saba mwaka 1991, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, na hilo la kuimba sote tuliomsikia jikoni ni mashahidi. Alikaa nyumbani akimuuguza mama yake hadi mama huyo alipofariki mwaka 1995, ndipo akajiunga na chuo cha ufundi kusomea upishi, akahitimu tarehe 28 Novemba 1997, akaajiriwa kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, na tarehe 15 Januari 2001 akahamia jiko la shule ya msingi, akadumu hapo miaka ishirini na moja mpaka maradhi yalipomtoa.

Alifunga ndoa na mwanangu, fundi viatu, Jumamosi tarehe 24 Novemba 2001. Alipoletwa kwangu mara ya kwanza nilimvuta mwanangu pembeni nikamwambia, mpishi gani huyu mwembamba hivi, kumbe marehemu akanisikia, akanijibu kutoka jikoni, mama, mimi napikia watu mia sita, chakula kinaisha kabla hakijanifikia, nikacheka mpaka nikakaa chini, na siku ile nilimpenda. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 6 Mei 2003 na mvulana aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 2010.

Huyo binti hakufika hata miaka miwili tumbo likaanza kumvimba, mikono na miguu ikawa vijiti, anaharisha, anakonda, nguo za mwaka jana zinamtosha mwaka huu, tukampa dawa za minyoo mara nne, akaongezwa damu mara moja, na kila anayepita mlangoni ana lake, huyu anasema ni meno, yule anasema ni macho ya watu. Tarehe 17 Septemba 2007 daktari wa watoto, mama mfupi anayening'iniza miwani shingoni, baada ya kumpima damu na kumpitisha mpira wa kutazama ndani, alituambia mtoto ana ugonjwa wa seliaki, kwamba ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya ng'ambo iitwayo rai mna kitu kinaitwa gluteni, ambacho kwa wengi wetu hakina neno ila kwa huyu kinaharibu utumbo. Akachukua taulo lililokuwa kwenye sinki akasema, utumbo wenye afya una manyoya kama haya, ndiyo yanayofyonza chakula, wa mtoto wenu umebaki kama shuka, chakula kinateleza kinakwenda zake, na dawa yake ni moja tu, kuacha gluteni maisha yote, hata chembe isipite.

Mkwe wangu alirudi nyumbani akatoa kila chenye ngano, akanunua sufuria mpya na mwiko mpya, akanunua na kinu cha mkono, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga ngano na mahindi humo humo. Mwanzoni alimpa mtoto wali na viazi tu, daktari akamwambia, mama, huyu anashiba lakini halishwi, damu bado nyepesi, basi akajifunza upya, akasaga ulezi na mtama, akapanga siku za maharage, siku za mayai, siku za samaki, mboga za majani kila siku na tunda kila siku, akaandika yote kwenye daftari kwa vipimo kama yuko mtihanini.

Na mimi sikuelewa hata kidogo. Kwetu mgonjwa alipewa mkate, mkate laini na chai ya maziwa, ndivyo tulivyolelewa, sasa namwona mjukuu wangu anautazama mkate wa wenzake kama anautazama mlango uliofungwa, roho ikaniuma. Kila siku ya kazi saa nne, mama yake akiwa shuleni, nilimkalisha kwenye ngazi ya nyuma, nikachovya kipande cha mkate kwenye chai nikamlisha, nikamwambia, hii ni siri yetu mimi na wewe. Nilifanya hivyo miezi saba. Tumbo likarudi kuvimba, kila kipimo cha damu kikawa kibaya, na mkwe wangu akadhani kosa ni lake, akachemsha vijiko mara mbili, akabadilisha sabuni, yeye mwenyewe akaacha kula mkate asije akaleta makombo, akazidi kukonda na mimi namtazama, nikijiambia moyoni kwamba mtoto huyu yu hai kwa mkate wangu.

Mwezi wa Februari 2008, pale kwenye bomba la maji, ndoo zikiwa kwenye foleni, nilisema kwa sauti, na wengine mko hapa mlinisikia, mtazameni mjukuu wangu alivyoisha, yule mwanamke anashibisha watoto mia sita wa watu na wa kwake anamnyima, Mama Mnyimaji yule. Mlicheka, jina likashika, likamtangulia sokoni, likafika hadi jikoni kwake shuleni ambako wenzake walimwambia, Mama Mnyimaji, hebu tupimie chumvi, naye akawapimia chumvi.

Alhamisi tarehe 17 Aprili 2008 maji yalikatika shuleni, wapishi wakaruhusiwa mapema, akatukuta kwenye ngazi ya nyuma na mkate mkononi. Aliweka mkoba chini akaniuliza, mama, tangu lini? Nikasema, leo tu, mwanangu, leo tu. Mtoto, ambaye alikuwa hajajua kudanganya, akasema, siyo, bibi, kila siku, umesahau? Mkwe wangu akakaa kwenye ngazi katikati yetu, akauchukua ule mkate mkononi mwangu, akaula wote mpaka mwisho huku machozi yanamdondoka, ilikuwa imepita miezi hajaonja mkate, kisha akafuta mdomo akasema, mtamu kweli, mama, nakuelewa, lakini huu ndio unaomuua. Hakumwambia mumewe, mwanangu unalisikia leo, na daktari aliambiwa tu kwamba kosa limepatikana. Kufika Agosti mtoto aliongezeka kilo nne, akaanza kutusumbua kwa kukimbia.

Januari 2010 binti huyo alipoanza shule, marehemu aliomba ruhusa ya mwalimu mkuu kuweka jikoni sufuria ya pili, nyekundu, yenye mwiko wake, mfuniko wake na chujio lake, na siku mpishi mmoja alipochovya mwiko wa ngano humo kwa bahati mbaya, marehemu aliimwaga yote akapika upya, watoto wakachelewa kula nusu saa, akasema nitukaneni, nipo. Watoto wa namna hiyo wakafika kumi na mmoja, naye hakukubali wakalishwe kwenye meza yao peke yao, alisema kinachotengwa ni sufuria, na siku mtoto yeyote alipoletewa keki darasani yeye alikuwa na keki yake ya unga wa mchele na ndizi tayari, ili asiwepo anayekaa akilamba vidole vitupu. Hapo walimu ndipo walipoanza kumwita Mama wa Sufuria Mbili.

Jumamosi tarehe 5 Juni 2010 alianza darasa la kuwalisha watoto wasiokula ngano kwenye baraza ya zahanati, na hakuwaita akina mama, aliwaita mabibi. Alisimama mbele yao akisema, haya, wazee wangu, leo hakuna polisi hapa, nani ana biskuti kwenye mkoba? Wanacheka, wanatazamana, mwisho mmoja anafungua mkoba, na wa pili naye anafungua. Mimi alinipa kazi ya kukoroga uji wa ulezi pembeni yake, miaka kumi na miwili nimekoroga, na kila walipomuuliza alijuaje mambo ya mabibi, alijibu, nilifundishwa na mwenye uzoefu, nami nainamia sufuria.

Oktoba 2022 alianza kuumwa tumbo na macho yakawa ya manjano, akalazwa hospitali kuu, ikaonekana ni saratani ya kongosho. Nilimlisha kwa kijiko. Mara tatu nilianza kumwambia, mwanangu, lile jina la bombani nataka nikaliondoe mbele ya watu, na mara zote alinikatiza, mama, ulezi wa Jumamosi umeuchambua? Nikajiambia nitaliondoa akipona, akae mbele asikie. Alifariki Jumatatu tarehe 20 Machi 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano na siku kumi na moja.

Basi nalisema leo, na amelala. Hakumnyima mtoto kitu, mnyimaji nilikuwa mimi, nilimnyima mtoto afya miezi saba na nikamnyima mama yake jina jema miaka kumi na mitano, na aliyelichukua kutoka kinywani mwangu pale bombani namwomba alirudishe kwangu, ni langu.

Familia inawashukuru daktari wa watoto na madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliotuchotea maji, walimu, wapishi wenzake waliopika chakula cha msiba huu kwa sufuria mbili bila kuambiwa, na wazazi wa wale watoto kumi na mmoja. Mwanangu, mkwe wangu, umechoka, pumzika sasa kwa amani, utuachie sisi zamu.

Kama alivyoagiza mwenyewe, sufuria nyekundu na mwiko wake vimebaki shuleni kwa mpishi mdogo, kinu cha mkono ni cha mwanawe wa kiume, daftari la vipimo ni la binti anayewasomea, na mumewe ameachiwa aproni yake mwenyewe ya ngozi ya ufundi viatu, ambayo marehemu alimshonea upya. Mimi ameniachia Jumamosi. Aliniambia niendelee kukoroga uji, na wa kuzungumza atafutwe, lakini nimekataa asitafutwe mtu, Jumamosi hii saa tatu asubuhi nitasimama mimi.