Klara Mageni na Malisho Yaliyoliwa Kabla ya Mbegu

Klara Mageni alizaliwa Songwa tarehe 14 Juni 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Mageni na mama yetu, Mayu Kwandu. Ninayesoma wasifu huu ni Mabula, mdogo wake. Nina hasira, na sitaificha.

Alianza shule hapo hapo Songwa. Akichunga, alitafuna kila jani alilokula ng'ombe. Mayu akamuuliza, "Klara, nikupikie ugali au nikufunge zizini?" Akajibu, "Mayu, ng'ombe wanashiba lakini hawanenepi. Nataka kujua kwa nini." Swali hilo lilimpeleka sekondari Tabora, chuo kikuu Morogoro, kisha ng'ambo hadi mwaka 1993.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na Mwalimu Donatus, aliyevumilia harufu ya samadi nyumbani bila kulalamika sana.

Huko ng'ambo alijifunza kuchukua kinasaba cha alizeti na kukipandikiza kwenye mikunde ya malisho, ili protini isiishie yote kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe. Alirudi kituo cha utafiti cha huku kwetu, akapewa kibali na kipande cha ardhi chenye uzio. Wazee wa dagashida, baraza letu la jadi, wakakitangaza kuwa ngitili, malisho yasiyoguswa mpaka yafunguliwe rasmi. Kiangazi cha 1996 ng'ombe wa kijiji walikufa mbele ya uzio ule. Hakuna mwanakijiji aliyeugusa.

Septemba aligundua uvimbe kwenye titi. Tulimsihi aende Mwanza. "Mbegu zinakaribia kukomaa," alisema. "Nikivuna tu, naenda." Zilikuwa mbegu pekee alizokuwa nazo. Oktoba, Klara akiwa kwenye kikao Shinyanga mjini, mkuu wa kituo alifungua lango akaingiza ng'ombe wake mwenyewe. Klara alikuta mashina. Mkuu akamwambia, "Mama Limi, si majani tu? Yataota mengine." Hayakuota. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeenea. Alifariki mchana wa tarehe 11 Mei 1997.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Limi na Masalu, na sisi ndugu zake.

Jana mkuu wa kituo alituletea dume la kuchinja msibani. Tunalifahamu, ni mmoja wa ng'ombe walioingizwa mle. Mayu amesema wageni watakula maharage. Mheshimiwa, umekaa mstari wa mbele na nakuona. Ukiondoka, ondoka nalo.

Dada Klara, Mungu akupe pumziko la amani. Sisi bado hatujatulia.